Daftari la Msiba Lifunguliwe Mapema

Msiba ukitokea mtaani kwetu, hakuna anayeuliza kazi ianzie wapi. Haipiti saa moja turubai limefungwa, viti vya kukodi vimeshushwa kwenye guta, akina mama wa jumuiya wameshafika na vitenge viunoni wakiwasha moto chini ya masufuria ambayo hujui hata yametoka kwa nani. Kwenye meza ndogo karibu na mlango ameketi kijana na daftari. Ukurasa wa kushoto anaandika majina, wa kulia kiasi, na pembeni anatia alama kwa aliyetoa na aliyeahidi. Mwingine yuko kwenye simu anatafuta gari la kwenda mkoani. Mzee wa kanisa anapokea wageni. Kufikia usiku, nyumba ambayo jana haikuwa na kilo moja ya mchele ina magunia, na wafiwa hawaachwi peke yao hata kidogo.

Huo ni uwezo, na ni mkubwa kuliko tunavyojipa. Usharika au parokia inayoweza kukusanya fedha, chakula, usafiri na watu 200 kati ya asubuhi na jioni, bila mfadhili wala semina, haiwezi kujiita dhaifu.

Sasa tuulizane. Marehemu aliugua muda gani?

Mara nyingi jibu ni miezi. Miezi hiyo yote alilala chumba cha nyuma. Dawa aliandikiwa, akanunua nusu dozi. Binti yake alianza kukosa shule siku moja moja, baadaye akaacha kabisa ili abaki nyumbani kumlisha na kumgeuza. Jumamosi ya kwanza watu wa jumuiya waliuliza, "Jamani, mama fulani mbona haonekani?" Jumamosi ya pili wakauliza tena. Ya tatu walikuwa wamezoea. Na daftari, lile lile litakaloandikwa mamia ya maelfu ya shilingi siku atakapofariki, lilikuwa kabatini kwa katibu.

Ndugu zangu, daftari hilo lifunguliwe mapema. Tunajua kuzika, na tunazika kwa upendo na heshima, hilo tusiliache. Nguvu ile ile tuipeleke kwa mtu angali anapumua, angali anaweza kula uji tuliompikia na kusikia tukimwita kwa jina lake. Kanisa lisimngoje awe marehemu ndipo limpende hadharani.

Najua kitakachosemwa: "Hakusema. Angesema tungemsaidia." Tuna hata methali ya kumlaumu nayo, kwamba mficha uchi hazai. Lakini hebu tumtazame huyo aliyeficha. Ni mama aliyekuwa akichangia kila harusi, anayejua kadi yake ya michango ina deni, anayeona haya kukaa kwenye jumuiya akiwa hana sadaka ya kutia kwenye kikapu. Ni baba aliyepunguzwa kazini ambaye bado anatoka asubuhi na shati lililopigwa pasi ili majirani wasijue. Kwetu stara ni kitu kikubwa. Mtu atafunga mlango na kulala njaa kuliko kusimama mbele ya watu aseme sina. Tukikaa kanisani tukingoja aombe, tunamdai alipe kwa heshima yake, na hiyo ndiyo mali pekee iliyombakia. Wa kutembea ni sisi tulio na miguu mizima.

Kanisa la kwanza lilijikwaa hapo hapo, na Maandiko hayakulificha jambo hilo. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza kwamba Yerusalemu kulikuwa na mgao wa kila siku kwa wajane, na wajane waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa. Hakuna aliyekusudia kuwaua kwa njaa. Walikuwa wageni, lugha yao ni nyingine, hawakuwa na ndugu kwenye meza ya mgao, basi majina yao yakapotea. Manung'uniko yalipowafikia mitume, hawakuwaambia watu wavumilie. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo, na majina yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yasomeni tena majina hayo. Yote ni ya Kiyunani. Kanisa lilikabidhi kapu la chakula kwa watu wa upande ule ule uliokuwa umesahauliwa! Mimi naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika sura ile, na kamati zetu za huruma zingeusoma kabla ya kila uchaguzi. Mpangaji wa chumba kimoja ndiye anayejua nani kwenye nyumba ya wapangaji hajawasha jiko tangu juzi. Mwenyekiti mwenye geti na mbwa hajui.

Na kazi hiyo iliendelea. Mwaka 251 hivi, Kornelio, askofu wa Roma, alimwandikia mwenzake Fabio wa Antiokia barua inayoeleza kanisa lake lilivyo. Alitaja mapadre 46, mashemasi 7, na kisha wajane na watu wenye shida zaidi ya 1,500 ambao kanisa hilo lilikuwa linawatunza. Wakati huo Wakristo walikuwa wanateswa na dola, hawana kathedrali wala akaunti ya benki. Lakini askofu alijua hesabu ya wajane wake, akaiandika kwenye barua moja na hesabu ya makasisi wake. Leo maparoko wengi, wachungaji wengi, watakutajia bila kufikiri idadi ya waliobatizwa Pasaka, wanakwaya, na waliotoa ahadi ya ujenzi. Tuwaulize kwa upendo: wajane wetu ni wangapi? Wako mtaa gani? Wamekula nini leo?

Upande huu wa dunia tulipewa chombo kinachofaa kabisa kwa kazi hii. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa shirikisho lao, AMECEA, uliofanyika Nairobi mwaka 1973, waliamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na mwaka 1976 wakaurudia uamuzi huo kwa mkazo zaidi. Maana yake ni familia chache za majirani, zinazojuana kwa nyumba na kwa shida, zinakutana kila wiki kwa zamu katika nyumba zao, zinasoma Neno na kulifanyia kazi. Walutheri wana mitaa, jumuiya za nyumba kwa nyumba na diakonia, yaani huduma kwa wenye shida. Waanglikana wana umoja wao wa akina mama, Wapentekoste wana makanisa ya nyumbani. Majina yanatofautiana, lakini hakuna dhehebu linaloweza kusema halina namna ya kumfikia mtu aliyejifungia chumbani. Jumuiya inapofika kwake Jumamosi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla watu hawajaenda sokoni na kazini, inaona sufuria zake, paa lake, watoto wake. Mkurugenzi wa shirika gani ana macho ya karibu namna hiyo?

Kizazi kilichotutangulia kilipimwa kwenye jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo ulianza 2004. Hesabu mwenyewe miaka iliyopo hapo katikati, miaka ya kumtazama kijana akikonda huku hospitali ikisema mrudisheni nyumbani. Zilikuwapo mimbari zilizosema ni adhabu, na maneno hayo yaliwafungia watu ndani wakafa kwa upweke. Lakini walikuwapo pia akina mama waliofunga mifuko ya plastiki mikononi kwa kukosa glavu, wakaosha vidonda, wakakata kucha, wakapika uji mwepesi na kukaa mpaka kikombe kiishe. Dar es Salaam, mwaka 1992, kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi kilianza kukutana chini ya Jimbo Kuu Katoliki ili kutiana moyo. Kikundi hicho ndicho kilichozaa PASADA, huduma iliyokuja kutibu maelfu, kuwafuata wagonjwa majumbani na kulea yatima, wa dini zote. Angalia tena nani walianza: wagonjwa wenyewe.

Basi tufanye nini sasa? Nitasema kwa uwazi, maana hamasa isiyoonyesha njia humchosha mtu bure.

Chukueni daftari jipya. Jumuiya ipite nyumba kwa nyumba katika eneo lake, nyumba zote, za waumini na zisizo za waumini. Andikeni aliyelala kitandani, bibi anayelea wajukuu peke yake, mama aliyejifungua juzi na mume hayupo, mtoto mwenye ulemavu ambaye hatolewi nje, mpangaji mpya asiyejua mtu. Daftari hili lishikwe na watu wawili wanaojua kunyamaza. Majina yasisomwe madhabahuni, yasitumwe kwenye kundi la simu. Kinachotangazwa kanisani ni kwamba kuna kazi na kuna zamu, basi.

Kisha nendeni wawili wawili. Mwaka 1833, kijana aitwaye Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa chuo huko Paris mwenye umri wa miaka 20, alianzisha na wenzake wachache chama kilichokuja kuitwa cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Walipokosa pa kuanzia walimwendea Sista Rosalie Rendu, mtawa aliyewajua maskini wa mtaa wake mlango kwa mlango, naye akawafundisha kuwatembelea watu nyumbani mwao, kuketi nao na kuwasikiliza. Chama kile sasa kimeenea duniani kote, kimo pia katika parokia zetu za Afrika Mashariki, na bado kiini chake ni watu wawili wanaobisha hodi. Wakija kumi na tano na sare, na mtu wa kupiga picha, na mama mwenye nyumba akatolewa nje asimame katikati ya unga na sabuni huku akitabasamu kwa nguvu, tumemvua stara tuliyosema tunailinda. Simu zibaki mfukoni. Papa Fransisko alipoanzisha Siku ya Maskini Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza Novemba 2017, alitualika mezani pamoja nao. Tukae nao basi, na Jumatatu inayofuata turudi tena.

Mkifika, msiseme mengi. Mchukulieni mgonjwa wa kiharusi aliyelala miezi. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, ngozi ya makalio na visigino inaanza kuwa nyekundu, kisha inafunguka, na kidonda cha kitandani kikishafunguka hakifungi kwa urahisi. Kumgeuza mtu mzima kunataka watu wawili: mmoja huku, mwingine kule, wanashika shuka iliyokunjwa chini yake, wanahesabu pamoja, wanavuta. Shuka isiwe na mikunjo. Akae ubavu, mto katikati ya magoti. Hakuna shahada inayotakiwa hapo. Muuguzi wa zahanati anaweza kuwafundisha wanajumuiya wote kwa mchana mmoja. Na hebu tufanye hesabu ndogo. Jozi 12 za watu wa jumuiya moja zikitoa kila moja saa 3 kwa wiki, ni saa 36. Saa hizo zinatosha karibu wiki nzima ya masomo kwa yule binti aliyeacha shule. Hatujatoa hata senti. Tumetoa zamu, na mtoto amerudi darasani!

Ndiyo maana siikubali kauli ya "hatuna fedha" ikitangulia. Mengi yanayohitajika ni miguu na macho. Bibi ana kadi ya kliniki asiyoweza kuisoma, hajui tarehe ya kurudi imepita. Kaa naye, msomee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitaka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na watoto walio chini ya miaka 5 na wajawazito nao wana msamaha katika vituo vya umma. Kinachowakwamisha wengi ni karatasi: barua ya serikali ya mtaa, picha, kitambulisho, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa sababu mhusika hayupo. Kijana wa kanisa mwenye muda na heshima akimsindikiza mzee mpaka kwa mtendaji, kisha kwa afisa ustawi wa jamii, na asiondoke mpaka barua igongwe mhuri, amefanya utumishi ulio sawa na kuimba kwaya mwaka mzima. Nasema hivyo nikiipenda kwaya.

Na fedha zinapohitajika, tunajua pa kuzitoa. Nani hajaona mnada wa baada ya ibada? Mama analeta kuku, mkungu wa ndizi, bakuli la mayai kwa sababu hana noti. Mwinjilisti anamwinua kuku juu, bei inapanda, mtu ananunua, na badala ya kumchukua anasema, "Auzwe tena." Anauzwa tena. Wa pili naye anarudisha. Watu wanashangilia, watoto wamezunguka, na kuku mmoja wa kienyeji anazaa bei ya kuku watano. Tumewahi kuezeka makanisa namna hiyo. Tufanye Jumapili moja kila mwezi mnada uwe wa daftari la wagonjwa na wajane, na mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote, kwa kiasi tu bila majina. Watu wakiona fedha zimefika, watatoa zaidi.

Wengine watanong'ona, "Mbona huyo si wa kwetu? Haabudu na sisi." Katika mitaa yetu ukuta mmoja unatenganisha Mkristo na Mwislamu, na siku ya mafuriko au moto hakuna aliyewahi kuuliza ndoo ya maji imetoka dini gani. Mwaka 362 hivi, Kaisari Juliano, aliyekuwa anataka kuirudisha dola ya Roma kwenye miungu ya zamani, alimwandikia kuhani mmoja wa Galatia kwa uchungu, akilalamika kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia, huku watu wake mwenyewe wakikosa msaada. Adui ndiye aliyetoa ushahidi huo. Natamani wapinzani wetu wa leo wawe na sababu ya kutulalamikia hivyo hivyo. Na tukienda kwa jirani wa dini nyingine, twende na uji bila vipeperushi. Asilipishwe imani kwa sababu ana njaa.

Neno moja kwa wanaobeba kazi hii tayari: mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ambaye simu yake hailali, shemasi, mzee wa mtaa, mwinjilisti anayetembea kwa miguu. Msiibebe peke yenu. Kanisa likimwachia mama mmoja kila mgonjwa, baada ya mwaka naye ataandikwa kwenye daftari. Gaweni zamu, pumzikeni, na mkiona jambo lililowazidi, kama mtoto anayepigwa, mgonjwa wa akili aliyefungwa, au jeraha lisiloeleweka, lipelekeni siku hiyo hiyo kwa ustawi wa jamii na hospitalini. Maombi yaende pamoja na hatua hiyo.

Na wewe unayesoma haya ukiwa ndiye mwenye chumba cha nyuma, ndiye mwenye deni la michango na aibu ya kikapu, nakuomba usijitoe kwenye jumuiya. Wale saba walitoka upande wa walionung'unika, na PASADA ilianzishwa na wagonjwa. Unajua usiku wa mgonjwa una urefu gani, unajua neno gani linaumiza na lipi linasaidia, unajua kwenye nyumba zenu nani mwingine kalala njaa kimya kimya. Jumuiya inakuhitaji ushike kalamu. Jumamosi hii, wakifika nyumba ya jirani, nenda hivyo hivyo bila sadaka, kaa kwenye mkeka, na muda wa matangazo ukifika mtajie katibu, pembeni, majina mawili: lako, na la mtu mmoja unayemjua ambaye hali yake ni mbaya kuliko yako. Kesho yake baada ya ibada, nendeni kwake pamoja.